Sauti ya Mfungo

Binamu yangu alimrekodi bibi saa kumi alasiri, ndani ya Ramadhani. Ilikuwa Mei 2019, masika imeshika Tanga, naye likizo yake ilikuwa inaisha. Idi ingemkuta tayari amesharudi kazini Maskati. Basi akaegesha simu juu ya mto, bibi akakaa kwenye jamvi sebuleni kwake Ngamiani, akayasema mashairi yote aliyoyatunga tangu usichana wake. Kisha nikaletewa flashi Chumbageni, kwenye chumba ninachorekodia matangazo ya maduka. "Kaka, nisafishie. Nataka wanangu wamsikie bibi yao vizuri." Watu hudhani kusafisha sauti ni kama kufua kanzu: unaloweka, unasuuza, imetakata.

Nilipovaa hedifoni nilisikia pangaboi, mvua juu ya bati, na vidoko. Vidoko kila mahali! Tk, tk, kabla ya neno, katikati ya neno, baada ya pumzi. Mdomo wa mtu aliyefunga tangu daku huwa umekauka, mate yamekuwa mazito, ulimi unanata kwenye kaakaa na kubanduka. Dawa yake ni funda moja la maji kabla ya kurekodi. Lakini ni nani wa kumwambia bibi anywe maji saa kumi alasiri ya Ramadhani?

Pangaboi halikunisumbua. Nilitumia Audacity, programu ya bure ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Unaionyesha sekunde chache za ngurumo tupu pale bibi alipokuwa bado kimya, inaijua, halafu inaipunguza kote. Niliipunguza tu, sikuimaliza, maana ukikaza sana sauti ya mtu hugeuka kama anaongea ndani ya mtungi. Kidoko hakishikiki kwa njia hiyo. Pangaboi linavuma mwanzo hadi mwisho. Kidoko kinachomoza na kupotea kabla hujakiwekea kipimo.

Ipo amri ya vidoko peke yake. Ina vipimo viwili: kizingiti, ambacho programu inakupa kikiwa 200, na upana wa juu wa kidoko, 20. Ukishusha kizingiti, inakuwa kali zaidi. Nikatengeneza nakala, nikajaribu na vipimo hivyo, vikaondoka vichache. Nikashusha, nikashusha tena, hadi mdomo ukawa safi kabisa. Ndipo nikafika kwenye mshororo huu:

Pwani yetu imechoka, samaki wametoweka.

Kina kilikuwa kimelegea. Ile "ka" ya mwisho ilisikika kama mtu anayesinzia. Na si ajabu: k, t na p nazo ni mipasuko midogo ya hewa, mifupi na ya ghafla, na programu haina habari za mizani wala vina. Kwayo, kidoko cha ulimi mkavu na k ya bibi ni jamaa wa karibu. Mshororo ule umejaa herufi za namna hiyo tupu. Kumpa mshairi rekodi safi isiyo na vina ni matusi.

Nakala ile nikaifuta. Kilichobaki ni mkono. Nikaifungua rekodi kwa spektrogramu, picha ya sauti ambamo kidoko huonekana kama mstari mwembamba uliosimama wima, kisha nikawa narudi kwenye picha ya wimbi na kuivuta karibu mpaka nukta zake zinahesabika. Amri ya kukarabati inakubali sampuli 128 tu, yaani hizo nukta, kwa mara moja. Kwenye rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo hazifiki milisekunde 3. Inasoma sauti ya kushoto na ya kulia, inaziba pengo katikati. Unasikiliza, unaenda kwenye kingine. Nilifanya hivyo usiku baada ya tarawehe, umeme ukikatika naendelea kwa betri ya laptopu hadi nayo inakata. Kati ya beti na beti palikuwa na tasbihi ya bibi ikigongana. Hizo punje sikuzigusa.

Idi ilipopita nikampelekea. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, leta tusikie." Akavaa hedifoni juu ya ushungi, akawa anafuata mizani kwa kidole gotini. Ghafla akaivua.

"Ubeti huu una mishororo mitatu. Wa nne umeula wewe?"

Nikamsikilizisha rekodi ya mwanzo: yeye mwenyewe ndiye aliyeuruka. Hakujali. "Basi weka hicho kidude niuseme."

Ngalawa zimepasuka, na nyavu zimetoboka.

Alikuwa ametoka kunywa chai, mdomo laini, kidoko hata kimoja hakuna. Ilinibidi nimwashie pangaboi ili mshororo mpya ufanane na ndugu zake, akalalamikia baridi muda wote. Nilipoupachika nyumbani, kidoko kikazaliwa palepale kwenye kiungo, kwa sababu wimbi moja nililikata likiwa juu na jingine likiwa chini. Nikarudi nyuma, nikabonyeza herufi Z, ambayo husogeza mkato hadi pale wimbi linapovuka sifuri. Kikafa.

Binamu alisikiliza, akafurahi, kisha akauliza mbona tasbihi imebaki. Nikamwambia ampigie bibi amuombe aitoe mwenyewe. Hajampigia.