Alama ya "&" imeninyima usingizi

Jamani jana nimekesha hapa Mwanga, Kigoma, kisa alama moja tu. Nimemtengenezea mama mmoja tovuti ya kuuzia dagaa na mawese, sasa mteja akiandika anachotafuta mi nilikuwa nakibandika kwenye linki hivyohivyo kilivyo, mtu kaandika "dagaa & mawese" yanakuja majibu ya dagaa peke yake, kumbe ile & kwenye linki inakata, kinachofuata kinahesabika parameta nyingine, yaani taarifa nyingine kabisa, si sehemu ya alichotafuta mteja. Nimelaumu bando weee! Dawa ni kuyapitisha kwanza maneno ya mteja kwenye encodeURIComponent (kifaa cha JavaScript kinachogeuza alama kama hizi ziwe salama kwenye linki), & inageuka %26, nafasi inakuwa %20. Na # ndo mwizi kabisa, chochote baada yake hakifiki kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti. Asubuhi mama kaniuliza tu, "mwanangu, mawese yangu yamerudi?"