Siku yangu moja: chapati, namba sita na watoto wa laini

Saa 11 alfajiri mama ashawasha sigiri, chapati lazima ziive kabla maaskari wa zamu hawajatoka, kwahiyo mguu haujagusa mpira mkono ushakanda unga. Tunaishi baraksi ya polisi Nsambya tangu nizaliwe, ndo maana nawaandikia Kiswahili, ukitoka geti tu Kampala yote ni Luganda lakini huku kwa laini zetu, zile safu za nyumba za maaskari, Mteso, Mlugbara na Mganda wanagombania kamba ya nguo kwa Kiswahili.

Saa 12 na nusu natoka, napishana na baba getini akirudi zamu ya usiku. "Jambo afande," namwambia, anacheka, kila siku anacheka.

Mazoezi ya timu ya chuo saa 1, na kocha haangalii kama kamunye, zile teksi za abiria, ilikwama kwa jamu. Nacheza namba sita. Kunyang'anya mpira, pasi fupi, kufunika beki akipanda. Hakuna anayempiga picha namba sita, sijali.

Saa 3 lekcha, na hapa ndo watu hawaelewi kabisa. Wanasikia basari ya mpira, yaani chuo kinanifadhili kwa sababu nacheza, wanadhani nalipwa. Inalipa karo basi, chakula, nauli, fotokopi ni juu yako, tena ukirundika riteki, yaani masomo uliyofeli ya kurudia, wanakuondoa hata kama jumamosi ulikuwa kapteni. Ndo maana wachezaji tunakaa benchi la mbele, ukikaa nyuma baada ya mazoezi utalala tu, kuna winga wetu alikoroma darasa la takwimu mpaka mwalimu akanyamaza kumsubiri amalize, banange tulicheka.

Saa 7 kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage juu. Wataalamu wa lishe watanisamehe. Mchana laibrari.

Saa 11 jioni nakuwa na watoto wa laini, kama thelathini hivi, wengi pekupeku. Sheria yetu ni moja, kabla ya mpira tunazibua mtaro, maana mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani. Wamama wanaita bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, watoto wanaita wamapu, yaani kupasha mwili, ila wanafanya. Watu wananisifu eti najitolea, mimi sioni hivyo, nilipoitwa majaribio ya chuo sikuwa na njumu na laini yetu ndo ilichanga, mwingine alitoa elfu moja tu, nawajua wote.

Kipa wetu mdogo anajiita Onyango. Denis Onyango, kipa wa Uganda, alipochaguliwa 2016 mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, huyu dogo hata hakuwa amezaliwa, lakini atakusimulia kama alikuwepo. Sasa hivi ni AFCON ya 2027 tu, Kombe la Mataifa ya Afrika, eti Uganda, Kenya na Tanzania tunaandaa pamoja na yeye atakuwa bolboi, mwokota mipira, uwanja wa Namboole. Afande mmoja mstaafu hukaa pembeni na kiti chake, kwake hakuna timu tangu ile ya Uganda ya 1978 iliyofika fainali ya kombe hilo ikapigwa 2-0 na Ghana kulekule Accra. Watoto wakipoteza pasi anawatajia 1978.

Saa 2 usiku posho, yaani ugali, na maharage, halafu mdogo wangu wa P7, darasa la saba, analeta hesabu, PLE, mtihani wa kumaliza msingi, inakaribia na hesabu za sehemu zinamtesa.

Saa 4 ndo nafungua notsi zangu. Tesiti ya takwimu ni ijumaa saa 10, mechi nayo ijumaa saa 10. Nimemuomba mwalimu nifanye asubuhi, mpaka sasa hajajibu.