Eti tiba ya mionzi ni kazi ya kubonyeza kitufe

Nilipoanza kusomea tiba ya mionzi, washauri walijitokeza kila kona. Mmoja alisema ni kazi ya kubonyeza kitufe tu, sasa miaka yote hiyo darasani ya nini? Mwingine akaapa kwamba ni fizikia tupu, asiye na kichwa cha hesabu asijisumbue. Wa tatu alinionea huruma kabisa: mionzi itakumaliza, hutazaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumba cha matibabu. Mgonjwa anapopigwa mionzi sisi tuko nje, nyuma ya kuta nene za zege, tunamtazama kwa kamera, na mlango ukifunguka tu mionzi inakatika. Beji yangu ya kupimia mionzi ikipelekwa kusomwa, hurudi haina la kusimulia.

Fizikia ipo, sikatai, na ilinitoa jasho. Kanuni kwamba nguvu ya mionzi hupungua kwa mraba wa umbali niliikariri mpaka nikaiota, lakini swali likigeuzwa kidogo nabaki nimeduwaa. Nikaweka madaftari kando. Nikakata tundu la mraba kwenye kadibodi, nikaifunga mbele ya taa ya simu, nikazima taa za chumba na kumulika ukuta. Nikauchora mraba wa mwanga kwa penseli, kisha nikarudi nyuma hadi umbali ukawa maradufu. Mraba mpya ulitosha kumeza minne kama ule wa kwanza, na mwanga ukafifia hadi robo. Nikajiona profesa! Nikaongeza utundu: nikaweka karatasi nyeupe kati ya taa na tundu, ili mwanga utoke kwenye eneo pana badala ya nukta. Kingo za mraba zikaingia ukungu. Hapo nikaelewa, bila kufundishwa na mtu, kwa nini mashine ya Kobalti-60 (metali inayotoa mionzi yenyewe), ambayo chanzo chake kina upana wa karibu sentimita 2, haikati kingo za mwale vizuri kama lineakseleta, ile mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme. Mwenzangu wa chumbani aliuliza kama nimerogwa, halafu mtihani ulipokaribia akaja kuazima kadibodi.

Mengine ni ya kukaa nayo kichwani tu. Kobalti hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 5.27, kwa hiyo aliyekuwa anapigwa mionzi dakika mbili atahitaji nne kwa dozi ileile. Dozi ya Gy 50 (Gy ni grei, kipimo cha dozi ya mionzi) ikigawanywa mara 25 ni Gy 2 kila siku ya kazi kwa wiki tano, ili seli zisizo na ugonjwa zipate muda wa kujikarabati.

Ambacho hakuna aliyenidokeza ni mikono. Mgonjwa ana nukta ndogo za wino kwenye ngozi, ukutani kuna leza, na kazi yako ni kuzikutanisha kwa milimita. Inaonekana rahisi mpaka umguse mtu. Ngozi inateleza, nukta inakwenda nayo, mifupa imebaki palepale. Ukimwambia "sogea kidogo kushoto, mama", mama wa watu kwa wema wake anaruka sentimita tano na kiuno kinapinda. Nilifanya mazoezi kwa kumlaza yuleyule mwenzangu mezani juu ya shuka, nikaning'iniza uzi wenye kokoto badala ya leza. Kila nikimsukuma bega, makalio yanabaki nyuma, naye anacheka, tunaanza upya. Siku nilipoacha kumgusa nikavuta pembe za shuka, akazunguka mzimamzima kama gogo majini. Tangu hapo wagonjwa wangu wote nawaambia: "Lala mzito, usinisaidie." Wanacheka, na aliyecheka hulegeza mabega.

Halafu usimuulize mgonjwa "Wewe ndiye fulani?" Mwenye hofu huitikia jina lolote. Ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa, hata kama mmeshajuana hadi majina ya wajukuu.

Kwenye usaili wa kazi nilikwenda nimejazwa fizikia, wakaniuliza mkojo. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume, picha ya kabla ya matibabu inaonyesha kibofu hakijajaa, foleni ni ndefu, unafanyaje? Nikajibu: anashuka, anakunywa maji, anasubiri, anayefuata anaingia, maana kibofu kikiwa kitupu utumbo hushuka kwenye njia ya mionzi. Na daktari akifoka? Nikasema nitamwonyesha picha. Wakatazamana.

Nikapata kazi. Miezi ya mwanzo huachwi peke yako hata kidogo: mnafanya wawili wawili, mmoja anasoma vipimo kwa sauti, mwingine anahakiki. Usione haya kusema "rudia". Mimi nililisema neno hilo mpaka wakaniita Rudia, na ndivyo wanavyoniita hadi leo.