Hodi penye pazia

Lamu, Ijumaa usiku

Nimetoka zamu yangu ya uuguzi hospitalini saa moja ya jioni na sasa inakaribia saa nne, bado sijavua baibui. Nimekaa darini kwa mwenye nyumba wangu hapa Langoni, kusi inavuma kutoka baharini, mwili wataka kulala lakini moyo hautaki. Leo bibi wa kitanda cha dirishani ameruhusiwa. Wanawe walikuja na boti kutoka Matondoni, wakambeba mpaka gatini, na nilipomaliza kumfunga bendeji ya mwisho alinishika mkono akaniombea dua ndefu mpaka nikashindwa kumtazama usoni.

Nilishindwa kwa sababu siku zake tatu za kwanza wodini ziko ndani ya faili kwa mwandiko wangu, na si za kweli.

Alikuja na kidonda chini ya wayo, sukari imemkaa miaka mingi. Kila asubuhi nilipita kwake nikamwuliza, "Sabalkheri bibi, waendeleaje?" Naye akajibu, "Alhamdulillahi." Nikaandika kwamba hana malalamiko, nikasogea kitanda cha pili. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu pia.

Mimi nimezaliwa Malindi, nimelelewa na nyanya aliyekuwa akisema alhamdulillahi huku homa inamtetemesha. Kwetu ukiulizwa hali unamshukuru Mungu kwanza, hata kama umevunjika mguu. Kuanza kulalamika mbele ya mtu usiyemjua ni utovu wa adabu, tena ni kama kumkufuru aliyekupa uhai. Hili sikufundishwa chuoni, nimelinyonya na maziwa. Ningelisikia neno hilo kwa nyanya yangu ningekaa kitako pembeni mwake nikangoja linalofuata, maana baada ya shukrani huja habari yenyewe, polepole, kwa anayengoja. Wodini sikungoja. Niliichukua salamu nikaiandika kama jibu la uchunguzi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba si ujinga wa mgeni asiyejua mila. Ni mimi, mwenye mila, niliyeiacha mlangoni pamoja na viatu vya nyumbani.

Siku ya nne ndiye yeye aliyeniuliza. Nilikuwa nabadilisha dripu, akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "We mwanangu, ina lako nani?"

Kitambulisho changu kilikuwa kimegeuka, jina limelala kifuani. Siku tatu nimemfunua mguu, nimempima sukari kwa kumchoma kidole, nimemsaidia kwenda msalani, na hakujua ananiitaje. Alikuwa akiniita sista kama wanavyotuita wote. Nikamwambia, naitwa Saida. "Mwana wa nani?" Nikamtajia baba yangu na mtaa wetu, Shela ya Malindi. Akacheka, mara ya kwanza kumwona meno yake. "Shela ya kwenu au ya kwetu?" Maana Lamu nako kuna Shela, ukifuata ufuo kwa miguu utaifikia. Tukabishana kidogo ni Shela ipi yenye mchanga mzuri zaidi, yeye akishinda bila shaka, kwani hakuna mtu wa Lamu atakayekubali kushindwa katika hilo. Kisha akanyamaza, akashusha sauti.

"Guu lapwita, Saida. Tangu yuzi. Usiku silali."

Niseme kwa nini neno hilo moja lilinisimamisha. Sukari ikikaa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na nyayo ndizo hutangulia kufa ganzi. Mtu hukanyaga mwiba asijue. Sasa mguu uliokuwa na ganzi ukianza kuuma upya, hiyo si dalili ya kushangilia. Huenda kuna usaha uliojificha ndani. Na kupwita, yaani kudunda kama mapigo ya moyo, si sawa na kuuma tu. Lugha yetu ina utajiri mkubwa katika maumivu kuliko tunavyoutumia kazini: kichwa huwanga, tumbo hukeketa au hunyonga, ubavu una kichomi, mguu huchoma, huvuta, hupwita. Kila moja inamwelekeza muuguzi mahali tofauti. Sisi tumefundishwa kumwuliza mgonjwa ayapime maumivu yake kutoka sifuri mpaka kumi, na kipimo hicho kina faida zake, nakitumia kila siku. Lakini mpe bibi wa miaka sabini na kitu nambari, atakuchagulia ndogo ili asikusumbue. Mwulize, "Yanafanyaje?" Atakueleza kwa neno ambalo hakuna kipimo kingelifika.

Nikamwita daktari. Kidonda kikafunguliwa, usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyotarajia. Kidole kimoja hakikuokoka. Mguu umebaki, na leo umetoka nao. Siwezi kujizuia kuhesabu zile siku tatu.

Chuoni tulisoma habari za Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani ambaye mwaka 1952 aliandika kuwa kazi yetu imejengwa juu ya uhusiano wa watu wawili, na kwamba muuguzi na mgonjwa hukutana kwanza wakiwa wageni. Nililijibu swali hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. Nilidhani najua maana ya mgeni. Lakini kwetu mgeni ana taratibu zake. Hupiga hodi, husubiri karibu, husema yeye ni nani na ametoka kwa nani, ndipo aketi. Mimi wodini nilijiona mwenyeji kwa sababu ya sare, nikavuta mapazia ya watu bila hodi. Nikifikiri vizuri, kile kitanda ndiyo nyumba yake kwa siku zile. Amenyang'anywa kila kitu kingine, nguo zake, saa zake za kula, mlango wa kufunga. Aliyefaa kubisha ni mimi.

Kuna daktari wa Uingereza, Kate Granger, aliyekuwa na saratani. Alipolazwa Agosti 2013 aligundua kuwa wengi waliomhudumia hawakumtajia majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu wa afya wajitambulishe tu kwa jina, basi, na aliiendeleza mpaka alipofariki Julai 2016. Yeye alikuwa daktari, anajua dawa zote anazopewa, na bado alihitaji kujua anazungumza na nani. Seuze bibi wa Matondoni.

Tangu siku ile ya nne nimekuwa nikipiga hodi. Nasimama nje ya pazia, nasema hodi, nangoja. Nikiingia nasema jina, nasema natoka wapi, nasema nimekuja kufanya nini. Mkono wa bibi siubusu kama ningefanya mtaani, kwa sababu mikono yetu hospitalini hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda; naweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, na wazee wanaelewa. Wenzangu wawili waliniuliza kama nina muda wa hayo yote. Nimeupima kwa saa ya ukutani. Haufiki dakika moja.

Mwenzangu mmoja, kijana kutoka Meru, nilikuwa namhukumu vibaya, na hili pia nataka liandikwe. Kiswahili chake ni cha amri: geuka, keti, fungua mdomo. Bibi wa dirishani alinambia, "Yule mwanamume mkali." Nikamtetea nusu nusu tu. Juzi nikamsikiliza vizuri. Hana ukali wowote, ana lugha aliyojifunza darasani ambayo haikumfundisha "nakuomba" na "niwie radhi" na "tafadhali mama". Nilipomwambia hakununa, alitoa kijitabu mfukoni akaandika. Na mimi nimejifunza kwake jambo ambalo sikuwa nalo: kabla ya kumgusa mwanamke yeyote anamwuliza kama angependa aitiwe muuguzi wa kike, kila mara, hata kazi ikiwa imezidi. Na akizungumza na mgonjwa huvuta kiti akakaa. Mimi husimama juu ya watu.

La mwisho, halafu nilale. Njia za mji huu ni nyembamba, punda akipita na mawe itabidi ujibane ukutani, na aliyejibana pembeni yako ni lazima azungumze nawe. Jana jioni, nikirudi, mama mmoja anayeuza bajia alinisimamisha. "Saida, yule bibi wa Matondoni, wasema amekatwa mguu?" Hakuwa na ubaya. Hapa kuuliza hali ya mgonjwa ni wajibu, asiyeuliza ndiye anayeonekana hana utu. Na nilitamani kumwambia hapana, ni kidole tu, ili uvumi ufe pale pale. Ulimi ulikuwa umeshafika mwisho wa meno. Lakini Katiba yetu ya 2010 katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya mtu, na mbali na Katiba, zile siri bibi alimpa Saida baada ya kujua Saida ni mwana wa nani. Kumjua kwangu kwa jina ndiko kulikomfungua kinywa. Nikisimulia njiani, hata kwa nia njema, nitakuwa nimemrudisha kwenye alhamdulillahi. Nikamwambia mama wa bajia, "Mwombee dua, na ukipata nafasi mtembelee akifika kwake." Akanitazama kama aliyeudhika kidogo. Kisha akaniongezea bajia mbili.

Kitanda cha dirishani hakikukaa kitupu hata saa mbili. Ameletwa mzee kutoka Kizingitini, mvuvi, kifua kinambana, hapendi kutazamana na mtu. Nilipokabidhi zamu mwenzangu wa usiku aliuliza anaendeleaje, nikajikuta nasema, "Amesema hajambo." Nikajisikia. Nikarudi nikaongeza kwenye faili: hajaulizwa vizuri. Kesho niko asubuhi. Pazia lake lina tundu upande wa kulia, nitasimama upande wa kushoto nisije nikamwona kabla hajanikaribisha.