Mtoto Anayejisahihisha: Niliyoyaona Katika Darasa la Montessori

Tangu binti yetu aanze chekechea hapa Dodoma inayofuata mfumo wa Montessori, ambao mtoto hujichagulia kazi na kujifunza kwa kushika vifaa, ndugu na majirani wamekuwa wakituuliza mimi na mama yake swali lile lile: mbona mtoto haji na daftari? Watoto wa rika lake mtaani hurudi nyumbani na kurasa mbili tatu za kuandika, na wengine wameshaanza kupigwa msasa kwa ajili ya usaili wa darasa la kwanza, ilhali wetu akiulizwa amefanya nini shuleni hujibu kwamba amemimina maji, au amepanga mnara, au amepangusa meza. Mama mkwe alipotutembelea aliliweka jambo hilo wazi, kwa upole wake wa siku zote: "Baba, kupangusa meza si angejifunza hapa hapa nyumbani, bila ada?" Swali hilo ni la haki kabisa. Linastahili jibu refu kuliko lile linaloweza kutolewa watu wakiwa wanakula, na ndilo ninalojaribu kuliandika leo.

Juma hili mwalimu wake aliniruhusu kukaa darasani asubuhi nzima, kwenye kiti kando ya mlango, kwa sharti kwamba nisimsemeshe mtoto yeyote asiponianza yeye. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minne hivi, alikwenda kwenye rafu akachukua gogo la mbao lenye matundu kumi, kila tundu likiwa na kipande chake cha mviringo chenye kishikio kidogo juu, kuanzia kinene hadi chembamba. Akalitua mkekani, akavitoa vipande vyote, akavichanganya, kisha akaanza kuvirudisha kimoja kimoja. Mahali fulani katikati alikitia kipande chembamba kwenye tundu pana, kikazama humo bila kelele, naye akaendelea. Mwishoni akabaki na kipande kinene mkononi na tundu moja jembamba lisilokipokea. Mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka pale na aliona kila kitu, lakini hakusogea wala hakusema neno. Mtoto alikitazama kile kipande kwa muda, akavichomoa vitatu vya jirani, akavipima kwa macho, akahamisha hiki na kile mpaka kila kimoja kikakaa mahali pake. Hakuinua uso kutafuta makofi. Alivitoa vyote upya akaanza tena.

Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa kuliko zote za elimu hii. Katika shule nyingi tulizosoma sisi, kosa lilikuwa mali ya mwalimu: yeye ndiye aliyeliona, akaliwekea alama kwa kalamu nyekundu, na mwanafunzi akajifunza kuusoma uso wa mwalimu kabla ya kulisoma swali lenyewe. Vifaa vya Montessori vimetengenezwa ili kosa lijionyeshe ndani ya kazi. Mnara wa rangi ya waridi una vipande kumi vya mchemraba, kuanzia upande wa sentimita 1 hadi sentimita 10, na aliyekosea mpangilio huona mwenyewe kwamba mnara umeharibika umbo. Mtoto anayezoea hali hiyo akiwa na miaka mitatu au minne hujenga tabia ya kurudi kwenye kazi yake na kuikagua bila kuamriwa, na sijui tabia nyingine inayomfaa zaidi mtu atakayetakiwa kusoma, kuhesabu na baadaye kufanya kazi ya kulipwa.

Jambo kama lile ndilo lililomshangaza Maria Montessori mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1870 huko Chiaravalle, Italia, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, na alianza kazi ya elimu kwa kushughulika na watoto wenye ulemavu wa akili, akitumia mbinu za madaktari wa Ufaransa waliomtangulia, Itard na Séguin. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa vibarua ambao wazazi wao walishinda kazini na wao wakashinda wakichafua kuta na ngazi za majengo. Ameeleza habari za msichana wa miaka kama mitatu aliyerudia zoezi la vile vipande vya mviringo zaidi ya mara 40, wenzake wakiimba na kuzunguka kando yake, na hata alipoinuliwa pamoja na kiti chake hakuacha. Alipomaliza alionekana kama mtu aliyepumzika. Nimelifikiria sana hilo la mwisho, kwa sababu sisi watu wazima huamini kwamba umakini humchosha mtoto mdogo, tukamkatiza kila baada ya dakika chache kwa wimbo au kengele. Darasa linalofuata mfumo huu kwa uaminifu huwaachia watoto muda wa kama saa tatu kila asubuhi bila kuwakatiza, kila mmoja akifanya kazi aliyoichagua miongoni mwa zile alizokwisha kuonyeshwa.

Sasa nirudi kwenye kupangusa meza. Ni kweli kwamba watoto wetu wa Kiafrika wamefunzwa kazi za nyumbani tangu zamani, na mimi nilichota maji na kuchambua mchele kabla ya kujua kuandika jina langu. Lakini nyumbani kazi ina haraka ya mtu mzima: chakula kinasubiriwa, mgeni yuko sebuleni, na mtoto akimwaga kidogo hunyang'anywa jagi. Tena katika nyumba nyingi za mjini siku hizi hata nafasi hiyo haipo, kwa kuwa dada wa kazi humvika mtoto, humlisha kwa mkono wake na kumfungia viatu mpaka anapoingia shule ya msingi. Darasani, kumimina maji kutoka jagi moja hadi jingine ni kazi ya mtoto mwenyewe, kwa jagi linaloutosha mkono wake na sponji iliyowekwa kando kwa ajili ya matone yatakayoanguka. Anaweza kuirudia mpaka aridhike. Vidole vile vile vinavyokamua sponji na kushika vishikio vya vile vipande ndivyo vitakavyoshika penseli, na wakati huo vitakuwa vimeshapata nguvu na utulivu.

Kuhusu kusoma, nina sababu ya pekee ya kuufurahia mfumo huu kama mzungumzaji wa Kiswahili. Watoto hupewa herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye vibao, wakazipitia kwa vidole viwili huku wakitamka sauti yake, na baadaye hupewa sanduku la herufi za kupanga ili waunde maneno kabla mkono haujaweza kuyaandika. Kwa kuwa tahajia yetu hufuata matamshi kwa karibu sana, mtoto akizimiliki sauti hizo anaweza kupanga karibu neno lolote analolisikia. Siku niliyokuwapo binti yangu alipanga "kuku", kisha "mbuzi", kisha "ngombe" bila ile alama ya juu. Mwalimu alilisoma neno kama lilivyo, akatabasamu, akaliacha. Kesho yake, kwa maelezo ya binti yangu, alionyeshwa kibao cha ng' na wakaifanyia mazoezi sauti yake pamoja na ile ya ng ya "ngoma" mpaka akaweza kuzitofautisha.

Upande wa hesabu nitautaja kwa kifupi tu, kwa kuwa sikuuona kwa muda mrefu. Ushanga mmoja ni moja, kijiti cha shanga kumi ni kumi, bapa la vijiti kumi ni mia, na mchemraba wa bapa kumi ni elfu, kwa hiyo mtoto huijua elfu kwa uzito wa mikono miwili kabla ya kuijua kama tarakimu yenye sifuri tatu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya mzazi tu. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest kuhusu watoto wa Milwaukee, Marekani, walioingia shule ya umma ya Montessori kwa bahati nasibu, wakalinganishwa na walioikosa nafasi hiyo katika bahati nasibu hiyo hiyo. Kwa namna hiyo wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameitaka shule ile ile. Watoto wa miaka mitano waliosoma Montessori walifanya vizuri zaidi katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, katika kazi zinazohitaji kubadili kanuni akilini, na pia katika kucheza na wenzao kwa amani. Hilo la mwisho halikunishangaza, kwani darasani kila kifaa kipo kimoja tu, na anayekitaka husubiri mwenzake akirudishe rafuni. Aidha watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja, mkubwa akimwonyesha mdogo.

Kinachonisikitisha ni kwamba mfumo uliozaliwa kwa ajili ya watoto wa vibarua umegeuka, katika miji yetu, kuwa alama ya uwezo wa kulipa. Jina la Montessori halimilikiwi na yeyote, na kila anayetaka hulichora kwenye ukuta wa shule yake hata kama ndani watoto wamekaa mistari wakikariri kwa pamoja. Anayetafuta shule aombe kukaa darasani asubuhi moja, aone kama watoto wanachagua kazi na kama wanaachwa waimalize. Vifaa vinavyoagizwa nje ni ghali kweli, lakini fundi seremala makini anaweza kutengeneza vingi kwa mbao zetu, na vyuo vya Lushoto na Msimbazi vimekuwa vikifundisha walimu wa mfumo huu hapa nchini. Nakuru, Kenya, upo hata mradi uliowapelekea elimu hii watoto wa familia zilizokimbia makazi yao baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007.

Wasiwasi tulio nao mimi na mke wangu ni wa mwakani, binti yetu atakapoingia darasa la kwanza lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja aliyebanwa na muhtasari. Tumeanza kuzungukia shule za msingi zilizo karibu, na katika kila moja tunamwuliza mwalimu wa darasa la kwanza anafanya nini mtoto anapokosea hesabu. Mmoja alitujibu kwamba kwanza humpa muda aitazame tena. Shule yake iko mbali kidogo na kwetu, na itabidi tupange usafiri, lakini fomu tumeshachukua.