Sweta kwenye pangaboi

Julai 2014 nilikuwa na kibanda changu cha umeme wa magari pale Mafinga, jirani na wanapopaki malori ya mbao, na wateja wangu karibu wote walikuwa ni hao hao wa malori na wenye Noah za abiria. Asubuhi moja baridi kali, ile ya kushika spana mpaka vidole vinauma, akashuka mzee mmoja kwenye pikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanitupia kamwene, salamu ya Kihehe, kwa utani maana lafudhi yangu tu ilishamwambia kwamba huyu mtu wa Tukuyu. Akaniangalia ninavyokaza tamino za betri, kimya, kama dakika kumi hivi. Ndo akauliza, "Mwanangu, wayaringi ya ndege unaiweza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe mzee alikuwa fundi wa ndege miaka yake ya kazi, kastaafu, karudi kwao Mufindi, na kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba alikuwa anaunda ndege yake mwenyewe ya viti viwili, mwaka wa tisa huo. Mwili wa aluminiamu, injini ni Continental O-200, ile ile iliyomo kwenye Cessna 150, farasi 100. Tatizo macho. "Chuma nakiona," akasema, "ila waya mwembamba siuoni tena." Kwa hiyo alikuwa hatafuti mtu wa kumfundisha umeme, alitaka macho na vidole vya kuazima, kichwa anacho chake.

Mi na ujuaji wangu Jumamosi yake nikapanda bodaboda toka Nyololo na betri mpya ya N50 nimeipakata mapajani, barabara ya vumbi, ukungu, mashamba ya chai huku na huku, nafika mapaja yamekufa ganzi. Nikaitua mbele ya mzee kama mtu aliyeleta mahari. Hakusema kitu. Akaenda kuleta mizani ile ya kuning'iniza ya kupimia majani ya chai, akaitundika betri yangu kwenye ndoano, kilo kumi na tatu na ushee.

"Sasa hii tukiiweka nyuma ya kiti," akasema, "mkia unashuka. Ushacheza bembea ya ubao wewe? Kilo sita za ziada mwishoni mwa ubao sio kilo sita za katikati." Halafu akanieleza jambo ambalo hata siku moja halijawahi kunipita kichwani, kwamba kule juu tulipo, karibu mita 1,900, hewa ni nyepesi, injini isiyo na taabo ya kuisukumia hewa inapoteza kama asilimia 20 ya nguvu, kwa hiyo farasi 100 za kwenye karatasi pale bandani zinabaki 80, na kila kilo unayopakia inabebwa na hao 80. Kwenye gari betri kubwa ni sifa, mteja anafurahi kabisa. Pale nilionekana nimeleta jiwe.

Nikamwambia basi tununue lithiamu, nimesikia ni nyepesi, kilo mbili tatu hivi. Akasema ni kweli nyepesi, ila alteneta yake, ile inayochaji betri, ni ya zamani, na regyuleta ya kudhibiti chaji haiamini, na lithiamu ikiwa na njaa inavuta chaji kwa pupa mpaka alteneta inachemka, na volti zikipanda sana kile kisaketi cha ndani kinaikata betri ghafla, halafu asubuhi za Julai za Mufindi zenye umande mweupe kama chumvi kwenye nyasi ndo inazubaa kuliko zote. Ya maji hataki kabisa, ndege ikiyumba asidi ikimwagika kwenye aluminiamu ni kilio. Anataka betri kavu, ile ambayo asidi imenyonywa kwenye nyuzi za kioo, hata ukiilaza ubavu haimwagi.

Tukaanza na waya. Nilikuwa nimekuja na rola zangu za waya wa gari, nyekundu na nyeusi. Mzee akakata kipande cha wangu na kipande cha waya wake mweupe wa ndege, akawasha kiberiti. Wangu ukashika, ukaendelea kuwaka wenyewe kwa moshi mweusi unaokwangua koo mpaka tukatoka nje kukohoa. Wake ukanywea, ukawa kahawia, alipotoa kiberiti moto ukazima hapo hapo. "Huko juu hakuna pa kusimamisha ukatoka nje kukohoa," akasema. Rola zangu nikazirudisha kwenye begi bila kuambiwa.

Ila kuna kitu kimoja nilimfundisha mimi, na hiki naringa nacho mpaka leo. Alitaka kuunga betri kwa mara ya kwanza apime laini moja moja, nikamwambia mzee subiri. Nikatoa balbu ya taa ya breki ya 21W na kisosi chake, nikaipachika katikati ya chanya ya betri na waya mkuu wa ndege, ili umeme wote wa ndege upitie kwenye ile balbu. Sasa kukiwa na shoti mahali hakuna waya utakaoungua, balbu itawaka tu kama vile inakanyagiwa breki, na kinachopita hakizidi ampea mbili. Swichi zote chini: giza. Redio: balbu ikawa nyekundu kwa mbali. Geji: hivyo hivyo. Taa kubwa ya kutua nilitoa balbu yake kwanza, kwa sababu ni kubwa na ikiwa ya baridi inavuta kama shoti, ingenidanganya. Nikapandisha swichi ya taa ya bawa la kushoto, balbu yangu ikalipuka mwanga wote, nyeupe kabisa.

Tukalifungua bawa. Waya ulikuwa umepita kwenye tundu la aluminiamu ambalo halina mpira, ukingo umeula ganda taratibu taratibu mpaka shaba inang'aa, kijimkwaruzo cha kama punje ya mchele. Fyuzi ilikuwepo ndio, ila hiyo inasubiri mpaka umeme uzidi ndo iungue, maana kazi yake ni kulinda waya, ukitaka kulinda redio tafuta namna nyingine. Mzee alicheka peke yake akaniomba nimwachie ile balbu.

Jumapili akaitwa msibani, kijiji cha pili. Akaniachia kazi moja ndogo, kubana vichwa vya waya nyuma ya swichi mbili za manyeto, kile kidude kinachozipa plagi cheche, na koleo la kubania akaniwekea juu ya meza, akasisitiza, "Bana. Usichomelee." Mi nikabaki naliangalia lile koleo. Jamani miaka yote nimefundishwa kwamba waya wa kubanwa ni kazi ya mvivu, fundi wa kweli anayeyusha risasi. Nikachomelea. Tena ilitoka nzuri, inang'aa kama fedha, nikavisha na kiplastiki cha kusinyaa juu ili mzee asijue nimebana au nimechomelea. Hiyo ya kuficha ndo inayoniuma zaidi.

Wiki mbili nikarudi. Katikati hapo mzee alikuwa amenunua betri kwenye duka la sola mjini, kavu, 12V, 18Ah, kilo tano na nusu, bei ya chini, na alikuwa anaichekea kama mjukuu. Mita ikasoma volti 12.8. Nikamwambia mzee hizi ni za kukaa ndani kwenye kompyuta na taa, zimezoea kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, stata ni mnyama mwingine. Hakuamini. Tukaifunga kwenye stata ya pikapu yake, nikamshikia mita karibu na uso aone mwenyewe. Funguo, tak, 12.8 ikaporomoka 9, 8, 7 na kidogo, stata ikaguna mara moja ikanyamaza. Kasha kama la betri ya kustatia, maandishi karibu yale yale, lakini zile Ah, ampea-saa, za kwenye lebo zinakwambia tenki lina maji kiasi gani, hazikwambii bomba ni nene kiasi gani.

Basi siku hiyo ikabaki ukaguzi tu wa manyeto, na hapa ndo nilipojifunza ndege sio gari. Kwenye gari la petroli koili inakula umeme wa betri, swichi ikizimwa au waya ukikatika, injini kimya. Manyeto inajitengenezea umeme wake yenyewe, haiijui betri, na unaizima kwa kuipeleka ethi, swichi ikiwa OFF ndo inagusisha waya na bodi. Maana yake waya ukikatika injini haizimiki. Unaweza ukatoa betri kabisa, ukaweka mfukoni funguo zote za duniani, na mtu akilizungusha pangaboi, lile panga la mbele ya ndege, kwa mkono injini ikawaka.

Na kuupima ule waya lazima uuchomoe kwenye manyeto, ukishauchomoa tu manyeto yenyewe inakuwa hai. Kwa hiyo mzee alinifanya kwanza nitoe hasi ya betri, niweke magogo kwenye matairi, halafu nichomoe nyaya za plagi zote, nane, kila silinda ina mbili, na nizihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Ndo nikachomoa waya wa kushoto, mita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya nyingine kwenye injini, swichi OFF: tiiii. Swichi juu: kimya. Safi. Wa kulia, swichi OFF.

Kimya.

Nikageuza ncha, nikakwangua rangi kwenye injini, nikajaribu tena, kimya. Mzee akavuta dashibodi mbele, akaushika ule waya nyuma ya swichi kwa vidole viwili, macho kafumba, akaukunja kidogo. Ukabaki mkononi mwake. Risasi ilikuwa imepanda ndani ya nyuzi ikaufanya mgumu kama kijiti, na pale ugumu unapoishia ndipo ulipokatika, ndani ya kiplastiki changu kizuri, kwa kule kuvuta vuta dashibodi tu, hata mtikisiko wa injini ulikuwa bado. Alikipapasa kile kiplastiki muda mrefu. Mi nikatazama pembeni ili nisiangalie uso wake, na macho yangu yakaangukia kwenye pangaboi.

Kwenye ncha ya panga kulikuwa na sweta. La kijana anayefagia banda. Alikuwa analitundika pale kila asubuhi jua likishatoka, na panga likiwa limesimama juu sana analivuta chini kwa mkono lifike usawa wa bega lake ndo analitundika. Nilimuona saa mbili ile ile asubuhi akifanya hivyo, nikamsalimia, plagi zote nane zikiwa bado zimevaa nyaya zake. Kilichomuokoa ni kwamba mafuta yalikuwa yamefungwa na kabureta ilikuwa kavu, basi.

Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Leta koleo." Nikabana vichwa vyote vinne mbele yake, kila nikimaliza kimoja anakivuta kwa nguvu zake zote.

Betri ya kweli ilikuja kwa basi toka Dar katikati ya Agosti, kavu, ya kustatia, kilo saba kasoro. Tulifunga mkia kwa kamba kwenye mti, mzee akapanda, mi nikashika mita upande wa nyuma ya bawa: 12.8, akabonyeza, 10.6, panga likaruka nusu duara, moshi wa bluu, likakamata, 14.1. Mi nilikuwa napiga kelele sijisikii. Aliiacha ichemke, halafu injini ikiwa inaunguruma polepole akazima manyeto zote mbili kwa nusu sekunde, ikakata kabisa, akarudisha, ikashika. Akarudia mara tatu, ananitazama mimi.

Kijana wa kufagia alikuwa amesimama mlangoni kavaa sweta lake. Kwenye nguzo ya mlango mzee alishampigia msumari wa inchi nne, na juu ya msumari kaining'iniza ile balbu yangu ya breki.