Nilipoacha kuuliza juu ya "teknolojia"

Kila niliyemwambia kwamba natafiti jinsi walimu wa Kiswahili wa huku Acholi, kaskazini mwa Uganda, wanavyotumia teknolojia alinipa ushauri uleule: andaa hojaji ya mtandaoni, tuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, kaa usubiri majibu. Ushauri huo ulinila miezi miwili, na hadi leo naona wanafunzi wa uzamili wakipewa. Inaniudhi.

Nilituma kwa walimu arobaini na kitu, wakajibu kumi na mmoja. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linakatwa kodi ya asilimia 12, na mwalimu anayengoja mshahara hawezi kulimalizia kwenye maswali ya mgeni. Hilo nililielewa. Kilichonikosesha usingizi ni majibu yenyewe. "Je, unatumia teknolojia darasani?" Wote kumi na mmoja: "mara nyingi sana." Mmoja wao namfahamu. Shuleni kwake hakuna umeme, na kompyuta walizoletewa zimefunikwa shuka stoo. Sikumwona mwongo. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, tena unamtaka mwalimu atumie TEHAMA. Swali langu lilinuka ukaguzi. Nani aandike "hapana"?

Nikapanda basi hadi Kitgum, kisha boda. Nauli zote za utafiti huu sikuzihesabu vizuri, ila zilizidi ada ya muhula mmoja wa mwanangu.

Mwalimu niliyemfuata kule alinipokea vizuri, akanipa kiti chini ya mwembe. Nilipouliza swali langu akatikisa kichwa. "Madamu, huku kwetu hakuna teknolojia. Kuna chaki." Nikaandika, nikafunga daftari, tukaanza kuzungumza mambo ya mvua na simsim. Jioni akawasha katochi yake, ile simu ya vitufe, apige muziki. Wimbo wa kwanza ukaisha. Kabla ya wa pili nikasikia sauti yake mwenyewe: "Kiti hiki, viti hivi. Ndizi hii, ndizi hizi." Halafu kimya kifupi cha mwanafunzi kurudia. Halafu wimbo.

Nilisimama. Nikamwomba arudishe.

Alianza wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 mpaka Januari 2022. Anarekodi kwa simu dakika mbili tatu, anapeleka kwa kijana wa kibanda sokoni anayewawekea watu nyimbo kwenye kadi za memori. Kijana anachomeka somo katikati ya nyimbo, na hapo ndipo penye akili: somo hukaa mbele ya wimbo unaopendwa zaidi mwezi huo, kwa hiyo anayeungoja wimbo lazima apite kwenye ngeli. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, lakini nyumbani katochi ya baba ipo, na kadi inagharimu pesa kidogo tu. "Sasa hii si teknolojia?" nikamuuliza. Akasema, "Hii? Hii ni kadi ya nyimbo."

Mimi ni Msoga, na Lusoga ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Ngeli nilizikuta mdomoni tangu utotoni. Omuntu na abantu haviko mbali na mtu na watu. Mtoto wa Kiacholi hana upatanisho wa namna hiyo katika lugha yake, na sauti kama z na sh hazimo humo. Anahitaji kusikia, asikie tena, asikie tena, na hakuna hojaji yangu iliyouliza mtoto anasikia nini.

Nilitupa maswali yote. Walimu wengine niliwauliza hivi: "Jana watoto walisikia Kiswahili kwa sauti ya nani?" na "Naomba unisikilizishe kilichomo kwenye simu yako." Wengine walinijibu kwa ujumbe wa sauti, na muda wa maongezi niliwatumia kabla, si baada, ukiahidi baadaye hupati kitu. Zikatoka nyimbo za madrasa, mahubiri, taarifa za habari zilizorekodiwa kutoka redioni, na mwalimu mmoja aliyemrekodi dereva wa lori kutoka Mombasa akisimulia safari. Kuyaandika yote kwenye karatasi kulichukua likizo nzima.

Mmoja wa waliosoma rasimu yangu alisema hayo si teknolojia ya kisasa, niyapeleke kwenye kiambatisho. Nilikataa. Sura ya nne yote ni hayo.

Nilipomrudia yule mwalimu kumwonyesha nilichoandika, alisoma kurasa mbili, akaniomba jambo moja: wanafunzi wake wamezoea sauti ya mwanamume peke yake, niwarekodie. Nilirekodi mara tatu chini ya mwembe uleule, mara ya tatu jogoo akaingilia, mwalimu akasema iache hivyohivyo. Kesho yake tulikwenda wote sokoni, kwa kijana wa kibanda.